Mwanamke Jukwaani: Toka Siti binti Saad Hata Leo

Muhula uliopita baadhi yetu tulitaka kucheza mchezo wa kuigiza mbele ya wazazi. Nafasi za wanaume zilijazwa kwa dakika chache. Nafasi ya mama, ambayo ndiyo moyo wa mchezo wenyewe, ilikosa mtu. Msichana mmoja, ambaye darasani hapana amshindaye kwa kusoma kwa sauti, aliombwa aichukue, naye akakataa. Alipoulizwa sababu alijibu, "Nikipanda jukwaani, nyumbani watasema nimeanza uhuni." Mwisho mvulana mmoja alifungwa kanga na kitambaa cha kichwa, akaicheza nafasi ile. Palipokuwa pa kulia watu walicheka, na mafundisho ya mchezo yakapotelea katika kicheko.

Jambo hili lilinitia fikira. Je, ni kweli kwamba jukwaa ni mahali pa wanawake waliopotea? Nilisoma vitabu, nikawauliza watu wazima wanaojua habari za kale, na sasa nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu yale niliyoyapata. Nitawataja hasa wanawake wa nchi yetu, maana mfano wa karibu hufundisha kuliko wa mbali.

Kwanza yafaa tujue kwamba neno lile la msichana si la Ufipa peke yake. Hata London, katika zama za Shakespeare, nafasi zote za wanawake zilichezwa na wavulana, na haikuwa mpaka mwaka 1660 ndipo wanawake walipoanza kuonekana katika majumba ya michezo ya mji ule. Hao nao walisemwa vibaya kwa miaka mingi. Basi twaona kwamba dharau hii ni ya watu wengi, nayo ina sababu yake.

Sababu yenyewe ni nini? Hapa kwetu mwanamke akiimba huku akitwanga, au akipura ulezi, au akimbembeleza mtoto, au akimsindikiza bibi arusi, hapana mtu amwitaye mhuni. Husifiwa kwa sauti yake. Lakini mwanamke huyo huyo akisimama mbele ya watu asiowajua, wakamtazama, wakamsikiliza, na pengine wakampa fedha, hapo maneno huanza. Kwa hiyo si wimbo unaochukiwa. Kinachowatia watu wasiwasi ni mwanamke kusikilizwa na watu wengi. Shikeni neno hili, kwa kuwa ndilo litakalotuongoza mpaka mwisho.

Sasa natutazame maisha ya Siti binti Saad. Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake asili yake ni Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado ungalipo, wala sheria haikuukataa mpaka mwaka 1897. Mtoto huyu aliitwa Mtumwa, na jina hilo latosha kueleza hali aliyozaliwa nayo. Hakupelekwa shule. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa kufinyanga vyungu, na alipokua alivichukua kichwani, akatembea navyo mpaka mjini, akivinadi njiani. Wasemao habari zake husema kwamba ni katika kunadi vyungu ndiko sauti yake ilikokomaa, kwa maana wanunuzi walimsikia kabla hawajamwona.

Katika mwaka 1911 alihamia mjini. Wakati huo alikuwa na umri wa yapata miaka 30, mwanamke maskini kutoka shamba, hajui kusoma wala kuandika, na hana jamaa mwenye cheo. Mjini kulikuwa na taarabu, lakini si taarabu tuijuayo leo. Muziki huo ulipata heshima katika zama za Seyyid Barghash, aliyetawala toka 1870 mpaka 1888, naye aliupenda muziki wa Misri. Uliimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa. Chama mashuhuri cha taarabu, Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume. Mtu yeyote mwenye akili za dunia angalimwambia Mtumwa binti Saad arudi Fumba akafinyange vyungu.

Yeye hakurudi. Alijifunza kwa wanamuziki wa mjini namna ya kuifuata ala na kuishika sauti, akajifunza nyimbo za Kiarabu kwa kusikia na kukariri. Kisha alifanya jambo kubwa lililobadilisha taarabu: aliimba kwa Kiswahili. Mchukuzi bandarini, mchuuzi wa samaki, mpishi na mwanamke wa shamba, wote sasa waliweza kuyafahamu maneno. Muziki uliokuwa wa ukumbi wa wachache ukawa wa watu wote. Watu walikuja usiku nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa mji waliokokaa maskini, wakamsikiliza. Na wakubwa wa mjini nao wakampeleka mjumbe aje awaimbie katika majumba yao. Wakaacha kumwita Mtumwa, wakamwita Siti, ambalo ni jina la bibi mwenye heshima. Si wanawake wengi waliozaliwa kwa jina la utumwa wakafa kwa jina la heshima, tena bila ya kuolewa na mfalme wala kurithi mali.

Wasidhani wasomaji kwamba alipita njia laini. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumdhihaki, wakimkumbusha alivyoingia mjini na nguo duni na kumwambia kwamba hana uzuri. Siti hakwenda kwao kugombana. Aliwajibu kwa wimbo, na maana ya jibu lake ilikuwa kwamba sura si kitu. Kipimo cha mtu ni akili. Wimbo wa wapinzani unakumbukwa kwa sababu tu ya jibu alilolitoa yeye.

Mwaka 1928 Siti na wenzake, miongoni mwao Subeti bin Ambar na Maalim Shaaban, walipanda meli wakavuka bahari mpaka Bombay, katika nchi ya Bara Hindi, ili nyimbo zao zitiwe katika santuri. Kampuni iliyowaita ilikuwa ile ya gramafoni yenye alama ya mbwa asikilizaye sauti ya bwana wake. Santuri za zama hizo zilichukua kama dakika 3 tu kila upande, kwa hiyo wimbo ulioweza kuchukua nusu saa nyumbani ulikuwa sharti ukatwe na kubanwa. Walirekodi nyimbo nyingi, na katika miaka iliyofuata wakarudi tena. Santuri zile zilinunuliwa kwa wingi kuliko ilivyotazamiwa. Zilipigwa mikahawani na majumbani kote pwani, zikaingia bara, na makampuni mengine yakaona kwamba Kiswahili kina wasikilizaji wa kutosha kuleta faida. Hapo kabla haikufikiriwa hivyo. Mwuza vyungu wa Fumba ndiye aliyewathibitishia wafanya biashara wa dunia kwamba lugha yetu ina soko.

Lakini faida ya fedha si jambo kubwa katika habari hii. La kubwa ni mambo aliyoyaimba. Wimbo wake mmoja unaojulikana sana ni ule wa Kijiti. Katika mji wa Unguja mwanamke mgeni aliyetoka bara aliuawa kikatili. Mtu aliyetuhumiwa, ambaye ndiye Kijiti mwenyewe, alitoroka akavuka kwenda bara, wala hakuadhibiwa. Wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu ndio waliotiwa hatiani. Mahakamani mwanamke wa Ng'ambo hakuwa na wakili wala uwezo wa kupinga hukumu. Siti aliichukua kesi hiyo akaiimba, na watu wote wakapata kuuliza: mwenye kosa yuko wapi, na mbona wanaoteseka ni hawa? Gazeti hakuwa nalo, na hata angalikuwa nalo asingaliweza kulisoma. Wimbo ndio uliokuwa gazeti lake, na kila aliyeukariri alikuwa mwuzaji wa gazeti hilo.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Karibu na mwisho wa maisha yake, Shaaban Robert, mtunzi wetu mkubwa, alikwenda kumwona na kumsikiliza, akaandika kitabu cha wasifu wake. Nacho kilisomwa na wanafunzi wa vizazi vingi. Hebu fikirini: mtu asiyejua kusoma akawa kitabu cha kusomwa shuleni! Tena wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipounda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, walianzisha gazeti wakaliita Sauti ya Siti. Hawakuona jina jingine lililofaa zaidi kwa gazeti la kutetea wanawake.

Nyuma yake walifuata wengine. Fatuma binti Baraka, ajulikanaye kwa jina la Bi Kidude, alimsikia Siti akazifuata nyimbo zake, tena akawa fundi wa ngoma za unyago. Aliimba mpaka uzeeni kabisa. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kule Uingereza, mbele ya watu wa muziki kutoka pande zote za dunia, naye alifariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa ajuza ambaye hapana aliyeujua umri wake kwa hakika.

Mtu aweza kusema, "Haya ni mambo ya Unguja. Nasi wa bara tulipata nini?" Jibu lake ni kwamba uhuru wa Tanganyika una deni kwa waimbaji wanawake. Katika miji ya pwani wanawake walikuwa na vyama vya ngoma, kama vile vya lelemama, ambavyo vilivaa sare na kushindana kwa nyimbo. Watu wa nje waliona mchezo tu. Lakini ndani ya vyama hivyo mlikuwa na viongozi waliochaguliwa, michango ya fedha, msaada kwa mwenzao aliyefiwa au aliyejifungua, na wanachama wa makabila mbalimbali waliozoea kufanya jambo moja pamoja.

Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata kikaonekana kwamba hakina wanawake wa kutosha. Aliyechaguliwa kuwaongoza wanawake alikuwa Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1926. Elimu yake ilikuwa ya madarasa manne. Kazi iliyomfanya ajulikane mjini ilikuwa kuimba; alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Basi hakuanza kwa kupita mlango kwa mlango akimtafuta mwanamke mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaita watu wao. Akisema na kikundi kimoja, kikundi kizima chasikia. Katika muda wa miezi michache tu ya mwaka 1955, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha katika TANU.

Nawaombeni mwitazame hesabu hiyo. Wanaume wenye elimu walikuwa na hotuba na karatasi, lakini wanawake hawakuwa wakihudhuria mikutano ya hadhara. Mahali walipokuwa wakikutana kwa uhuru palikuwa penye ngoma. Yule aliyejua kuimba ndiye aliyejua pia njia ya kuwafikia, na sauti iliyozoea kuongoza wimbo haikuona taabu kuhutubia umati. Bibi Titi alizunguka nchi pamoja na Mwalimu Nyerere mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1961, na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962 yeye ndiye aliyeuongoza. Alifariki mwaka 2000. Kama wazazi wake na jirani zake wangalifaulu kumnyamazisha kwa kumwita mhuni, TANU ingaliwatafuta wapi wanawake 5,000 wale?

Baada ya uhuru ikaja zamu ya michezo ya kuigiza. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitokea wanawake wawili ambao majina yao yafaa kujulikana katika kila shule: Penina Muhando, ambaye huitwa pia Penina Mlama, na Amandina Lihamba. Wote wawili wamekuwa maprofesa wa sanaa za maonyesho. Penina Muhando aliandika michezo kwa Kiswahili, kama vile Hatia mwaka 1972 na Nguzo Mama mwaka 1982, akiuliza ni nani anayeibeba nchi hii na ni kwa nini nguzo hiyo hadi leo haijasimama imara. Amandina Lihamba ni mwandishi, tena mwongozaji wa michezo, tena mwigizaji. Mwaka 1982 wawili hawa, pamoja na Ndyanao Balisidya, walitoa mchezo wa Harakati za Ukombozi, kazi ya wanawake watatu juu ya historia ya nchi.

Profesa Lihamba ameonekana pia katika sinema. Katika picha iitwayo Maangamizi, iliyotolewa mwaka 2001, alicheza nafasi ya Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye alikuwa amekaa kimya kwa miaka mingi. Daktari mwanamke aliyetoka Marekani anajaribu kumrudishia sauti. Picha hiyo ndiyo ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar ya sinema za lugha za kigeni. Mtu asiyejua sanaa aweza kudhani kwamba kucheza nafasi ya mtu asiyesema ni kazi rahisi. Kinyume chake ni kweli. Mwigizaji ananyang'anywa maneno, anabaki na macho, mikono na pumzi tu, na kwa hivyo lazima awafanye watazamaji waone maumivu yote yaliyomo moyoni. Hapana mvulana aliyefungwa kanga awezaye kazi hiyo!

Lakini kazi yao inayotuhusu zaidi sisi wanafunzi ni ile iliyoanzishwa mwaka 1996, iitwayo Tuseme. Waalimu hawa wa chuo kikuu waliziendea shule za sekondari wakawauliza wasichana: ni mambo gani yanayowazuia kusoma vizuri? Kisha wasichana hawakuambiwa waandike barua kwa wakubwa. Waliambiwa wayageuze majibu yao kuwa igizo, ngoma na nyimbo, wakayaonyeshe mbele ya shule nzima, waalimu na wazazi wakiwapo, halafu watu wote wakae wajadiliane. Msichana aliyeogopa kusema, "Mimi nazuiwa na kazi nyingi za nyumbani," au, "Mimi nasumbuliwa njiani," aliweza kuyasema hayo hayo akiwa ndani ya nafasi ya mtu mwingine. Aibu ilibaki kwa aliyeigizwa, na ukweli ukawafikia waliopaswa kuusikia. Baadaye njia hiyo ilichukuliwa na jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, ikapelekwa katika nchi nyingine.

Ili tusidhani kwamba mambo haya ni ya kwetu tu, natutupe jicho mbali kidogo, mpaka Brazili. Huko yuko mwigizaji mashuhuri, Fernanda Montenegro, aliyezaliwa mwaka 1929. Katika sinema ya Central do Brasil ya mwaka 1998 alicheza nafasi ya mwanamke akaaye katika stesheni ya gari la moshi akiwaandikia barua watu wasiojua kuandika, na kwa kazi hiyo akateuliwa kushindania tuzo ya Oscar. Miaka mingi baadaye binti yake, Fernanda Torres, naye akateuliwa kwa sinema ya Ainda Estou Aqui, inayoeleza habari za kweli za Eunice Paiva, ambaye mume wake alichukuliwa na watu wa serikali ya kijeshi mwaka 1971, asirudi tena. Sinema hiyo ilipata Oscar ya sinema za kimataifa mwaka 2025. Tazameni jinsi mambo yanavyofanana: Siti aliimba kesi ambayo mahakama ilikuwa imekwisha ifunga, na waigizaji wa Brazili wakalifufua jambo ambalo askari walitaka lisahauliwe.

Je, nasema kwamba kila jukwaa ni jema? La, hasha. Kuna nyimbo zisizo na maana, na kuna watu wanaowadanganya wasichana kwa ahadi za umaarufu ili wawadhulumu. Mzazi anayemwonea hofu binti yake ana haki ya kuuliza: mchezo gani, na nani, wapi, na saa ngapi? Hayo ni maswali ya busara na hatuna budi kuyajibu. Lakini kuuliza maswali si sawa na kufunga mlango. Jembe nalo laweza kumkata mtu mguu, wala hatujaacha kulima kwa sababu hiyo.

Nilianza kwa kusema kwamba kinachowatia watu wasiwasi ni mwanamke kusikilizwa. Habari za wanawake hawa zatuonyesha kwamba kusikilizwa huko ndiko kulikoleta faida. Siti hakuwa na kiti katika baraza lolote, lakini aliwasemea waliodhulumiwa. Bibi Titi hakuwa na cheti cha sekondari, lakini aliwaingiza maelfu katika kazi ya kuukomboa Tanganyika. Maprofesa wetu wawili waliufanya mchezo kuwa njia ya msichana wa shule kusema shida yake bila ya kutetemeka.

Kwa hiyo, wenzangu wa kiume, siku nyingine msichana akipanda jukwaani, mcheke palipokusudiwa kicheko, na palipo pa kunyamaza mnyamaze. Nanyi dada zangu, mchezo wa muhula ujao unayo nafasi ya bibi mzee anayedai shamba lake alilonyang'anywa na shemeji zake. Maneno yake ni mengi, na yataka msomaji hodari. Nafasi hiyo bado haijapata mtu, na safari hii kanga tumeificha.